Kijito kina mikono miwili, ndege wa njano anachagua mumoja

MWENGA (Sud-Kivu). — Saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi. Ukungu bado umelalia maji, na mawe ya kijito ni baridi sawa chuma. Tumechutama nyuma ya majani, sisi watatu: mwandishi, mpiga picha, na mtoto mmoja wa darasa la tano ambaye baba yake anafanya kazi ya puits. Ni asubuhi ya tatu. Zile mbili za kwanza tulirudi mikono mitupu, na mpiga picha ameanza kunung'unika juu ya viatu vyake.

« Musitikisike, » mtoto anatuambia kwa sauti ya chini. « Ile ndege njo inatuonaka mbele. Siye tunaionaka nyuma. »

Ndugu msomaji, tunajua swali lako. Watu wazima wanaacha habari ya bei ya dhahabu, wanaacha habari ya barabara, wanakwenda kuchutama kwenye baridi juu ya ndege mdogo? Ndege mwenyewe ana uzito wa gramu kama 18, ni kusema karibu tola moja na nusu. Ukimweka kwenye mizani ya négociant, mizani haisumbuke.

Lakini ndege huyu hakai kila fasi. Anachagua maji. Na yale maji anayochagua ndiyo yale mama zetu wanachota kila asubuhi. Ndiyo maana tulipanda mlima.

Mgeni wa mwezi wa kumi

Katika vitabu vya Kifaransa anaitwa bergeronnette des ruisseaux, ndege wa vijito. Wataalamu wanamwita Motacilla cinerea, jina alilopewa mwaka 1771. Neno la pili maana yake ni rangi ya majivu, juu mgongo wake ni wa majivu kweli. Katika Kiswahili cha vitabu, ukoo wake unaitwa viluwiluji. Huku kwetu kila kijiji kina jina lake, na wengi wanasema tu: ile ndege ya kutikisa mkia.

Yeye si mwenyeji. Anataga mayai na kulea watoto Ulaya na Asia, kandokando ya mito ya milimani. Baridi ya kule ikikaribia, wadudu wanapotea, naye anafunga safari. Wengine wanaishia karibu na bahari ya Mediterania. Wengine wanaruka maelfu ya kilomita mpaka milima ya Ethiopia, ya Kenya, na ya huku mashariki mwa Kongo. Wanafika karibu na mwezi wa kumi, wanarudi karibu na mwezi wa tatu. Huku kwetu si wengi. Unaweza kupita mwezi mzima bila kumuona hata mmoja, na siku moja ukamkuta juu ya jiwe lile lile ulilopita jana.

Ni sawa vile creuseur anahama. Ametoka mbali, hana ndugu pale, anatafuta tu fasi yenye chakula. Tofauti ni kwamba yeye haachi shimo nyuma yake.

Usimchanganye na ndugu zake

Asubuhi ya kwanza tulijidanganya. Ndege mmoja mwenye mkia mrefu alitua juu ya jiwe katikati ya maji, akatikisa mkia, mpiga picha akapiga picha ishirini. Tukafurahi. Mtoto akatuangalia, akacheka.

« Baba, ile si yeye. Ile ni ya huku huku. Angalieni tumbo yake, ni nyeupe. »

Alikuwa na haki. Kumbe yule alikuwa bergeronnette à longue queue, mwenyeji wa vijito vyetu mwaka mzima. Mgongo wake ni wa majivu mepesi, tumbo jeupe, na kifuani ana mstari mwembamba mweusi sawa kamba ya mkufu. Hana njano hata kidogo.

Yuko mwingine ambaye kila mtu anamjua: ule mweusi na mweupe anayetembea juu ya mabati na kwenye uwanja wa shule. Yule ni bergeronnette pie, na yeye haogopi watu. Halafu yuko wa njano anayefuata ng'ombe kwenye majani, wakati mwingine makundi makubwa. Huyo naye ni mgeni kutoka kaskazini, anaitwa bergeronnette printanière. Lakini anapenda uwanja wazi, na mkia wake ni mfupi zaidi.

Yule tunayemtafuta unamjua kwa alama hizi. Mgongo wa majivu. Njano chini ya mkia na juu kidogo ya mkia, njano inayong'aa hata kwenye kivuli. Mstari mweupe juu ya jicho. Miguu ya rangi ya udongo mwekundu uliofifia, wakati yule wa mabati na yule wa ng'ombe wana miguu myeusi. Na mkia mrefu sana, karibu nusu ya urefu wake wote, ambao haunyamazi. Hata akisimama kupumzika, mkia unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, sawa mtu anapampu maji.

Lakini mara nyingi sikio ndilo linamkuta kwanza. Anatoa sauti mbili kavu, kali: tsit-tsit. Kijito kinapiga makelele kwenye mawe, ndiyo maana sauti yake ni nyembamba hivyo: inapita juu ya kelele ya maji.

Chini ya jiwe kuna soko

Kwa nini anasumbuka kukaa kwenye maji yanayokimbia? Juu ya chakula. Mtoto alituonyesha bila kitabu. Aliingia mpaka magotini, akageuza jiwe la ukubwa wa sahani. Chini yake palikuwa na maisha: vidudu bapa vyenye mikia mitatu, vingine vinavyokimbia kiubavu, na kimoja kilichojijengea kanyumba ka mchanga na kujificha ndani. Hivyo vyote ni watoto wa wadudu. Vinakaa ndani ya maji miezi mingi, halafu siku moja vinapanda, vinaota mabawa, vinaruka. Pale ndipo ndege anawangojea.

Vile vidudu vinapumua hewa iliyo ndani ya maji. Maji ya baridi yanayoruka kwenye mawe yana hewa nyingi. Lakini matope yakishuka, yanajaza nafasi kati ya mawe, yanafunika chakula chao, yanawaziba pumzi. Hakuna mtu aliyewaua kwa makusudi. Wamezikwa tu.

Basi tuseme wazi kijito hiki kikoje. Hatuandiki jina lake, juu watu wa pale walituomba hivyo. Kina mikono miwili inayokutana chini ya jiwe kubwa, halafu maji yanashuka, yanaingia mto hata mto, mpaka Lualaba. Kwenye mkono wa kushoto, watu wanasafisha mchanga wa dhahabu tangu miaka miwili. Maji yake ni ya rangi ya chai yenye maziwa. Mkono wa kulia haujaguswa. Unaona kila jiwe chini. Pale wanachota maji ya kunywa.

Tuligeuza mawe matano upande wa kulia: yote yalikuwa na vidudu, hatukuweza kuvihesabu. Tuligeuza mawe matano upande wa kushoto. Tulikuta matope laini na minyoo miwili.

Tsit-tsit

Sasa ni saa moja kasoro. Jua limegusa ncha za miti. Mtoto anatupiga kidole begani.

Tsit-tsit.

Anakuja kutoka chini, anaruka sawa mawimbi, anapanda anashuka, na kwenye bawa unaona mstari mweupe. Anatua juu ya jiwe mita kumi mbele yetu. Mkia unaanza kazi yake. Njano ile! Katika yale majivu yote ya asubuhi, sawa mtu amewasha kiberiti. Anakimbia kwenye ukingo wa maji, anaokota kitu, anaruka juu kidogo, anashika mdudu hewani, anarudi. Mpiga picha amesahau viatu vyake.

Anapanda jiwe kwa jiwe mpaka pale mikono miwili inapokutana. Anasimama. Upande wake wa kushoto maji ya chai, upande wa kulia maji meupe. Anazunguka mara moja, halafu anapanda kulia na kupotea kwenye kivuli.

Asubuhi moja si ushahidi wa kupeleka mbele ya juge. Ndege anaweza kwenda kulia leo na kushoto kesho. Ndiyo maana tulimuuliza mtoto, yeye anayechota maji pale kila siku.

« Mbele ya kuchimba, alikuwa anakuyaka huku na huku, » alisema. « Sasa kushoto simuonake. Anapitaka tu juu. »

Wenzetu wa makaa

Wachimbaji si wageni wa kusikiliza ndege. Mwisho wa karne ya 19, huko Uingereza, mtaalamu John Scott Haldane alichunguza hewa inayoua watu katika migodi ya makaa ya mawe. Alishauri wachimbaji washuke na ndege mdogo ndani ya kitundu. Hewa mbaya ya monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi. Ndege mdogo anaanguka mbele ya mtu, na mtu anapata nafasi ya kukimbia. Huko Uingereza desturi hiyo ilidumu mpaka mwaka 1986, mashine zilipochukua kazi. Ni hewa ile ile inayotoka kwenye motopompe inayoendeshwa ndani ya puits, na kila mtu wa kazi hii anajua msiba wa namna hiyo.

Marekani nako kuna mfano. Katika milima ya mashariki ya kule, nchi ya makaa, kuna ndege mdogo wa vijito ambaye naye anatikisa mkia bila kuchoka. Si ndugu wa damu wa huyu wetu, lakini wataalamu waliona tabia yake, na katika jina lake mna neno lile lile: motacilla. Naye anahama. Wakati wa baridi anashuka mpaka vijito vya milima ya Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi.

Katika jimbo la Pennsylvania, watafiti walimfuata kwenye vijito safi na kwenye vijito vilivyoingia asidi, ile inayotoka katika migodi ya zamani ya makaa na katika mvua yenye asidi. Kwenye maji ya asidi walikuta ndege wachache zaidi. Kila jozi ilihitaji kipande kirefu zaidi cha kijito kupata chakula, walichelewa kutaga, na mayai yalikuwa machache. Migodi mingine ilikwisha kufungwa zamani. Mchimbaji alikwisha kwenda, maji yakabaki na deni.

Kitu ambacho jicho halioni

Hapa inabidi tuseme jambo moja bila kuzunguka. Matope unayaona. Zebaki, ile wote tunaita mercure, huioni.

Mwenye kusafisha dhahabu anaijua: inakamata vumbi la dhahabu, halafu inachomwa, inakwenda na moshi, dhahabu inabaki. Ule moshi haupotei. Unaingia mapafuni kwa yule anayechoma, na kwa mtoto aliye mgongoni kwa mama yake. Ile nyingine inaanguka chini, inaingia mtoni. Katika matope, vijidudu visivyoonekana vinaigeuza kuwa sumu ya namna nyingine, inayopanda ngazi kwa ngazi: kutoka kwa kidudu cha maji kwenda kwa samaki, kutoka kwa samaki kwenda kwetu. Watafiti wameikuta katika damu na manyoya ya ndege wanaokula wadudu wa mtoni. Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliotokana na samaki wenye sumu hiyo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Watoto walizaliwa na ubongo ulioharibika, hata kama mama hakuonyesha dalili kubwa.

Kwa hiyo tusidanganyane. Kumuona ndege wa njano si cheti kwamba maji ni ya kunywa. Anatuambia tu kwamba chini ya mawe kungali na maisha. Na kuchemsha maji kunaua vijidudu vya kuharisha, lakini hakuondoi mercure. Usichome mercure jikoni wala ndani ya nyumba ya kulala. Weka mbali mama mwenye mimba na watoto. Tumia chombo kinachofunika na kunasa moshi. Usioshe karai la mercure juu ya fasi watu wanachota maji.

Chini ya mti

Siku ile ile saa sita, watu walikutana chini ya mti. Hatukuwaita sisi, kikao kilikuwa chao. PDG mmoja wa puits alitaka kupandisha kazi ya kusafisha kwenye mkono wa kulia, juu mchanga wa kushoto unaanza kuisha. Alikuwa mtu wa heshima, na hakuficha shida yake.

« Siye hatufuatake ndege, tunafuata mchanga, » alisema. « Niko na deni ya mafuta ya motopompe. Niko na watu kumi na mbili, kila mumoja iko na batoto. Ile ndege itanilipia deni? »

Watu wengine walicheka. Mama mmoja, katika wale wanaotwanga mawe, wale wanaitwa twangaises, alisimama na mchi bado mkononi.

« Papa, tunakuheshimu. Lakini nikuulize. Siye mama njo tunachotaka ile maji. Tukianza kushuka kwa chanzo ingine, ni saa mbili kwenda na kurudi. Nani atatwanga mawe yako? Na mutoto akiharisha, ile pesa yako ya puits itaendaka wapi? Itarudi kwa pharmacie. »

Pakawa kimya. Halafu mzee mmoja aliyefanya kazi zamani SOMINKI akaongea polepole. Hakuzungumza habari ya ndege. Alisema kwamba jiwe kubwa liwe mpaka: juu ya jiwe, mkono wa kulia, mtu asiweke beleshi. Na upande wa kushoto, wachimbe mashimo mawili ya kutulizia maji. Maji machafu yaingie shimo la kwanza, yakae, matope yalale chini, halafu yamwagike kwenye la pili, ndipo yarudi kijitoni. Na akaongeza kwamba ule mchanga uliolala chini unaweza kusafishwa tena, pengine bado una kitu.

Hapo PDG akainua kichwa.

Hatutaandika kwamba mambo yamekwisha. Hakuna karatasi iliyotiwa sahihi. PDG alisema atazungumza na wenzake, na kwamba mkono wa kulia hataugusa mpaka msimu wa mvua upite. Mama akasema atakumbuka hayo maneno. Tulipoondoka, vijana wanne walikuwa wanapima fasi ya shimo la kwanza kwa kamba.

Ukitaka kumtafuta

Kwa msomaji anayeishi karibu na kijito cha mlimani, si kazi ya pesa. Nenda asubuhi, kati ya mwezi wa kumi na mwezi wa tatu. Chagua fasi yenye mawe makubwa na maji yanayokimbia, nusu kivuli nusu jua. Chutama, usivae nguo inayong'aa, ngoja nusu saa. Sikiliza kwanza, angalia nyuma. Nenda na mtoto, juu macho yake ni mazuri kuliko yako. Na mukimaliza, mugeuze mawe matano, muhesabu mnachokuta, halafu muyarudishe jinsi yalivyokuwa, juu hiyo ni nyumba ya mtu. Muandike kwenye daftari la shule: siku, fasi, ndege ngapi, vidudu vingapi. Mwaka ujao mufanye tena. Siku ya kikao, yule mwenye daftari anasikilizwa kuliko yule mwenye sauti kubwa.

Mtoto wetu alikwisha kuanza. Alituomba kalamu ya mpiga picha, akaandika kwenye jalada la nyuma la daftari la hesabu: « Kulia moja. Kushoto zero. » Akafikiri kidogo, akaacha mistari kadhaa mitupu chini ya neno kushoto. Tukamuuliza ni ya nini.

« Ya mwaka kesho, » akasema, akabeba bidon yake ya maji.